Ufagio Upo, Gari Liko Wapi?

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma kuhusu taka za bahari katika jiji la Dar es Salaam)



Tarehe 9 Desemba 2015, siku ya kuadhimisha Uhuru, hapakuwa na gwaride. Rais John Magufuli, ambaye alikuwa amekaa madarakani kwa muda wa mwezi mmoja tu, aliagiza siku hiyo itumike kwa kufanya usafi nchi nzima, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka kwa mikono karibu na soko la samaki la Feri, hatua chache kutoka Ikulu. Waliozoea kutuma wengine washike ufagio waliona haya, wakaushika. Lilikuwa jambo la heshima, wala hapana sababu ya kulibeza. Lakini liko swali moja ambalo hakuna picha ya siku ya usafi iwezayo kulijibu, nalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: baada ya taka kuzolewa na kuwekwa lundo, huenda wapi, kwa chombo gani, na saa ngapi?

Swali hilo halihusu siku ile peke yake. Linahusu kila Jumamosi ya usafi, kila ziara ya ufukweni yenye fulana mpya na glavu nyeupe, na kila shule inayopeleka wanafunzi pwani kuokota chupa. Katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, mikono ya kuokota haijawahi kuwa haba. Kinachopungua ni gari, mashua, kizimba na ratiba.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa habari ya maji kujaa na kupwa. Lakini watumishi wengi wa jiji hili wametoka bara, na si kosa lao kwamba hawakulelewa kwa kuhesabu umri wa mwezi. Basi yafaa ielezwe. Katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hupwa sana asubuhi, kiasi cha saa 4 au 5, kisha hujaa alasiri, kiasi cha saa 10 au 11. Sasa itazamwe shughuli ya usafi ilivyo kawaida yake. Watu hufika saa 1 asubuhi. Ufukwe ni mpana, maji yako mbali, kazi ni nyepesi. Ifikapo saa 4 taka zimekwisha kukusanywa katika malundo mazuri juu ya mchanga. Mgeni rasmi husema maneno yake, soda hunywewa, watu huondoka. Gari linaambiwa kuwa litakuja. Pengine dereva yuko kwenye safari nyingine, pengine dizeli haikuidhinishwa, pengine ni Jumamosi na mwenye ufunguo hayupo. Saa 10 alasiri bahari huja kabla ya gari, nayo haikosi miadi. Lundo lililokuwa limekusanyika sasa limetawanyika upya, tena limesogezwa kaskazini kuelekea Kawe na Kunduchi, kwa maana mkondo wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini, na upepo wa kusi huuongezea nguvu.

Hapo ndipo kazi ya watu mia mbili inapokuwa bure, na hakuna atakayejua, kwa sababu taarifa ilikwisha kuandikwa saa 5: idadi ya washiriki, idadi ya mifuko iliyojazwa, jina la mgeni rasmi.

Ndugu walimu, mzigo wenyewe nao una tabia zake, na anayepanga usafirishaji bila kuzijua atapata hasara. Taka za bahari si taka za jikoni. Kwanza, zina maji na mchanga. Kiroba kilichojazwa kwa reki ufukweni hubeba mchanga mwingi kuliko taka, na anayelipia safari kwa tani huwa analipia kuhamisha ufukwe. Pili, zina chumvi, na chumvi hula bodi ya gari lisiloogeshwa. Tatu, zimo nyavu na kamba za nailoni, ambazo hujisokota katika mitambo ya magari ya kushindilia taka na kuikwamisha. Nne, chupa tupu za plastiki hujaza gari kabla halijalemewa, na hivyo gari la tani 7 huondoka likiwa limebeba hewa zaidi kuliko mzigo. Na tano, mwani huzolewa pamoja na uchafu, ingawa mwani si uchafu hata kidogo. Unaposukumwa ufukweni hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na kaa na ndege hupata chakula ndani yake. Kuupakia kwenye tipa na kuupeleka dampo ni kulipa fedha ili kuharibu pwani.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, kama zile za darasa la sita. Lundo ni tani 21, na gari hubeba tani 7. Safari ni 3. Kutoka ufukweni hadi dampo na kurudi ni kilometa 70, basi jumla ni kilometa 210. Sasa, kama taka zilezile zingeanikwa siku moja juu ya mstari wa maji makuu, ndani ya kizimba cha wavu wa waya, kisha zikapitishwa kwenye chekeche, na theluthi moja ya uzito ikabaki pale ilipotoka kwa kuwa ni maji na mchanga, safari zingekuwa 2 na kilometa 140. Chekeche ni fremu ya mbao na wavu, fundi yeyote aweza kuitengeneza. Lakini katika orodha za vifaa vya siku ya usafi, mafagio huwamo na chekeche halimo.

Kilometa 70 hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mwendo wa kilometa 30 na ushei kutoka katikati ya mji. Halikuwa mbali namna hiyo siku zote. Zamani taka zilimwagwa Tabata, hadi wakazi walipokwenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Wakazi wale hawakufanya kosa. Hakuna aliye radhi kuvuta moshi wa taka za mji mzima. Baada ya Tabata ikaja Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu. Kila dampo lilipohama, barabara ya kwenda huko ilirefuka, na kila kilometa iliyoongezeka ilimfanya mwenye mkokoteni au guta afikirie mara mbili kama kweli hana budi kufika, au kama liko korongo la karibu zaidi. Upo na mzaha wa jiografia katika jambo hili. Vilima vya Pugu na Kisarawe ndiko Mto Msimbazi unakoanzia. Magari huhangaika kutwa kuzipandisha taka upande uleule ambako mto huanza kuteremka ukizikusanya nyingine.

Na Msimbazi ndio mchukuzi mkubwa kuliko wote. Hauhitaji dizeli wala posho. Chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa Tandale wakati wa kiangazi hukaa pale miezi kadhaa kama mpangaji. Mvua za masika zikianza, huingia Mto Ng'ombe, kutoka hapo huingia Msimbazi, hupita Jangwani, hunasa kwa muda kwenye mikoko karibu na Daraja la Selander, na siku ya bamvua maji yakipwa hutolewa baharini. Anayepita juu ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, huweza kuiona safari hiyo ikimalizika chini yake. Kabla ya kufika huko chupa hiyo na wenzake huwa wamekwisha kufanya madhara mengine, maana mtaro ulioziba hauchagui nyumba ya kuingiza maji. Katika mafuriko ya Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika jiji hili. Si haki kusema kwamba taka ndizo zilizoleta mvua ile. Lakini kila mkazi wa mabondeni anajua tofauti kati ya mtaro ulio wazi na mtaro uliojaa viroba.

Chupa hiyo hupita mbele ya ofisi nyingi. Mtaro wa mtaani una wenyewe. Mtaro wa barabara kuu una wengine, na barabara za mjini ziko chini ya wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mto ni wa bodi ya bonde la Wami na Ruvu. Mikoko ni misitu, nayo ina wakala wake. Katika sehemu za chini mto huo ni mpaka, upande mmoja Ilala na upande mwingine Kinondoni. Chupa ikiingia bandarini, huko kuna mamlaka ya bandari; ikielea hadi Bongoyo au Mbudya, hivyo ni visiwa vya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975; ikisukumwa kwenye diko la wavuvi, lipo kundi la kulinda rasilimali za uvuvi. Juu ya wote hao ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na baraza lake. Kila mmoja ana sehemu yake kwa haki kabisa, na kila mmoja akiulizwa juu ya taka zinazoelea aweza kuonyesha kwa ramani kwamba wakati huo hazikuwa zake. Taka hazisimami mpakani zikasubiri barua. Hili si shutuma kwa ofisi yoyote. Ni maelezo ya jinsi kazi ilivyogawanywa kwa kufuata ardhi, ilhali kitu chenyewe kinatembea.

Ugonjwa huo si wa Dar es Salaam peke yake. Hong Kong ni mji wa bandari wenye fedha nyingi na vyombo vya kutosha, na huko pia kazi iligawanywa: idara ya bahari ikapewa zinazoelea, idara nyingine fukwe za kuogelea, nyingine fukwe zilizosalia, nyingine hifadhi za bahari. Mwaka 2015 serikali ya huko ilitoa uchunguzi wake. Ilionekana kwamba tani zaidi ya 15,000 za taka za bahari zilikuwa zikikusanywa kwa mwaka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 zilitoka nchi kavu. Wakazi wengi walikuwa wakiamini kwamba uchafu huo unaletwa na maji kutoka kwa majirani. Uchunguzi ulionyesha kwamba asilimia 95 ulikuwa wao wenyewe. Mashua za kukusanya zilikuwepo na ziliendelea kufanya kazi, lakini baada ya takwimu hizo haikuwezekana tena kuilaumu bahari.

Mji wa Baltimore, Marekani, uliweka mwaka 2014 gurudumu kubwa mahali mto mmoja unapoingia bandarini. Nguvu ya mkondo wa mto na ya jua hulizungusha, maboya huzielekeza taka, na mkanda huziinua kutoka majini. Wageni wengi hulipiga picha gurudumu hilo na kutamani la kwao. Wachache huangalia nyuma yake, mahali palipo na kazi yenyewe: liko tishari lenye kontena, na kontena likijaa, boti huja kulivuta na kuleta jingine. Siku ambayo boti haiji, gurudumu hilo ni pambo. Tena yafaa kusema wazi kwamba Msimbazi wa masika hauchukui chupa tu, bali magogo na magodoro pia. Boya lililofungwa mlangoni pa mto kwa kuiga mji mwingine litakatika mvua ya kwanza. Mahali pa kuzikamata taka ni juu zaidi, kwenye mitaro na vijito ambako maji bado ni kidogo na gari laweza kufika. Jambo hilo linazidi uzito sasa, kwa kuwa mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Mto uliosafishwa na kupanuliwa hupitisha maji vizuri zaidi. Taka nazo, zisipozuiwa huko juu, zitapita vizuri zaidi.

Na asiyeamini kwamba usafirishaji ndio gharama yenyewe, na atazame kwingine katika bahari hii ya Hindi. Kisiwa cha Aldabra, katika Shelisheli, hakina mji. Mwaka 2019 watu 12 wa kujitolea walikaa huko majuma 5 wakikusanya uchafu ulioletwa na maji, hasa nyavu na kamba za meli za uvuvi. Walipata tani 25. Watafiti walikadiria kwamba zilizobaki zilikuwa kiasi cha tani 500, na kwamba kuondoa zote kungegharimu mamilioni ya dola, kwa sababu kila kilo lazima ipakiwe chomboni na kuvushwa zaidi ya kilometa 1,000 za bahari hadi Mahe. Aldabra haina la kufanya. Haiwezi kufunga mtaro wa mtu mwingine. Dar es Salaam ina bahati ambayo kisiwa kile hakina: uchafu wake mwingi bado uko nchi kavu, kwenye mtaro, mahali ambapo kijana mwenye guta aweza kuufikia.

Kijana huyo astahili kuzungumzwa, kwa kuwa ndiye mtaalamu wa usafirishaji wa taka ambaye hakuna aliyempa cheo. Waokota chupa wa jiji hili huamka kabla ya wafagiaji. Wanajua mtaro upi huleta chupa nyingi na siku ipi, wanajua mnunuzi yupi hupunja kwenye mizani. Kwa sababu ya mikono yao chupa nyingi za maji hazifiki baharini, na lau wangegoma juma moja, jiji lingewatambua. Lakini wao huokota kinachonunuliwa. Ndala zilizokatika, nepi, viroba, nyavu kuukuu na vipande vya sponji havina mnunuzi, basi hubaki na kuendelea na safari. Hapo ndipo fedha ya umma inapotakiwa iingie: kumlipa mtu kwa kilo ya kile kisichouzika, akifikishe kizimbani. Hiyo ni nafuu kuliko kukifuata Mbudya kwa boti.

Sheria nazo zimeonyesha zinachoweza. Pombe za viroba zilipopigwa marufuku mwezi Machi 2017, na mifuko ya plastiki, ile iliyoitwa rambo, tarehe 1 Juni 2019, vitu viwili vilivyokuwa vikiziba mitaro vilipungua bila gari hata moja kuongezwa. Kisichotengenezwa hakihitaji kubebwa. Mifuko laini ya kufungia bidhaa ilijaribu kurudi kwa mlango wa nyuma, na wenye kusimamia sheria wanaifahamu habari hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndugu walimu, wazee miongoni mwenu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Lakini kampeni ile haikupimwa kwa idadi ya vikundi peke yake. Msomo ulipokwisha, kijijini palitakiwa kuonekana choo kilichochimbwa. Choo kipo au hakipo; mjumbe aliweza kwenda kukitazama. Usafi wa fukwe umekosa choo chake. Hauna kitu ambacho mjumbe aweza kwenda kukitazama kesho yake akasema kipo au hakipo.

Kitu hicho ni stakabadhi ya mizani. Gari la taka linapofika dampo lipimwe, na karatasi ya uzito irudi kwa aliyeandaa shughuli, iwe shule, wizara au halmashauri. Taarifa ya siku ya usafi isiyo na karatasi hiyo ihesabiwe kuwa haijakamilika, hata kama ina picha kumi. Mwalimu anayetaka kupeleka wanafunzi ufukweni na aanze kwa kuwafundisha jedwali la maji, wachague wenyewe siku na saa. Kisha amwulize mwenye gari, si kama gari litakuja, bali litaondoka saa ngapi. Asiyepata jibu na asiende ufukweni siku hiyo. Awapeleke wanafunzi kwenye mtaro wa karibu na shule, ambako taka bado ni kavu, hazina mchanga wala chumvi, na mkokoteni mmoja watosha kuzifikisha kizimbani.

Na kwa afisa aliye mezani, ambaye ndiye mwenye kalamu ya dizeli, hesabu ni fupi. Siku ya bamvua, kama maji yamepwa saa 4 asubuhi, gari likipakiwa na kuondoka Coco Beach saa 5 lina muda wa saa 5 kabla bahari haijarudi. Kwenda Pugu na kurudi, pamoja na foleni ya Buguruni na ile ya Gongo la Mboto, zinatosha. Likiondoka saa 9, lundo la pili halitakuwepo.